Mbuzi wa Mahakamani



Wasomaji wapenzi, na hasa dada zangu, mwaka uliopita ulinifundisha kucheka mahali ambapo mwanamke hatarajiwi kucheka: kwenye benchi la Mahakama ya Kadhi, karatasi zikiwa mapajani na machozi yakinilenga. Naandika haya kwa kuwa najua yuko miongoni mwetu anayeyasoma akiwa na tarehe ya kesi wiki ijayo.

Talaka nilipewa kwa pumzi moja, baina ya magharibi na isha, chai ikiwa bado mezani. Kudai yaliyofuata talaka, yaani salio la mahari, matunzo ya wanangu wawili na vyombo vyangu, kulichukua miezi 14. Eda yangu ilikwisha, kesi ikabaki. Mara faili halionekani, mara shauri limeahirishwa. Lilipoahirishwa mara ya tatu nilimwambia dadangu aliyenisindikiza, "Mimi nimetoka eda, sasa limeingia faili. Limefungiwa kabatini, halitoki wala halionyeshwi mtu." Alicheka hata akajifunika mtandio usoni. Mama mmoja wa makamo, aliyekuja kwa kesi ya mirathi, akasogea karibu akaomba nirudie. Tangu siku ile benchi letu likageuka baraza.

Nilikuwa na mzaha wa kila jambo. Nilisomewa kwamba Ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010 yampa Kadhi uwezo wa kuamua mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale pande zote ni Waislamu na zimeridhia kufika mbele yake. Nikawaambia wenzangu kwamba hilo la kuridhia ndilo jambo la mwisho mimi na baba watoto tuliloafikiana. Walicheka. Nami nilicheka nao, kwani nisingecheka ningelia, na siku ile nilikuwa nimepaka wanja.

Kisha likaja la mbuzi. Katika orodha ya vyombo vyangu niliandika kwa mkono wangu: sufuria sita, kabati la milango mitatu, chano mbili, mbuzi moja. Kijana aliyenipigia chapa, Kiswahili chake cha shule kikimwongoza, aliona nimekosea sarufi. Akanisahihishia: mbuzi mmoja. Siku ya kusikizwa, Sheikh Kadhi alisoma orodha, akainua macho, akauliza kwa upole, "Huyu mbuzi sasa yuko kwa nani, na nani anamlisha?"

Kimya kikatanda. Nikajibu kwamba ni mbuzi ya kukunia nazi. Kadhi akaziba mdomo kwa karatasi. Nilipogeuka nilimwona baba watoto naye mabega yakimtikisika. Kwa muda mfupi tulicheka pamoja, kama zamani. Lakini nilipofika nyumbani jambo moja lilinichoma: katika miezi yote ile, wa kwanza kuulizwa mahakamani anakula nini alikuwa mbuzi wa mbao. Zamu ya wanangu ilikuwa haijafika.

Basi uchungu ule ukaufuata mzaha wangu hadi nyumbani. Baba watoto nikawa simtaji tena kwa jina. Nikamwita "Mheshimiwa Mdaiwa". Mheshimiwa Mdaiwa hajatuma pesa. Mheshimiwa Mdaiwa amepiga simu. Dada zangu walicheka. Mamangu hakucheka. Aliniambia, "Mwanangu, mzaha mzaha hutumbuka usaha." Nilimwona amezeeka.

Ijumaa moja, baada ya swala, alikuja kuwachukua watoto kama tulivyopatana. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka saba, alifungua mlango, kisha akapaza sauti yenye furaha: "Mama, Mheshimiwa Mdaiwa amefika!"

Baba yake alikuwa amesimama na kanzu yake nyeupe, mkononi ana mfuko wa maembe. Hakusema neno. Mtoto alimtazama yeye, akanitazama mimi, akingoja tucheke, maana alizoea kwamba neno lile huchekwa. Hakucheka mtu. Usiku, nikimfunika shuka, aliniuliza, "Mama, na mimi ni mdai au mdaiwa?"

Sikuwa na jibu, na kwa mara ya kwanza sikuwa na mzaha.

Ibara ya 53 ya Katiba hiyo hiyo yasema mtoto ana haki ya kulelewa na mama na baba, wawe wameoana au hawakuoana. Nilikuwa nikiitaja mahakamani ili baba atoe matunzo. Sikufikiri kwamba yanihusu mimi na ulimi wangu.

Sisemi kicheko ni kibaya. Mtume wetu (s.a.w.) alitania na maswahaba zake, wala hakusema katika utani wake ila kweli. Lakini aya ya 11 ya Suratul Hujurat yatukataza kudharauliana, wanawake tukitajwa waziwazi, na yatukataza kuitana kwa majina mabaya. Hapo ndipo nilipovuka mpaka. Nilipolicheka faili, nilipata nguvu ya kurudi tarehe nyingine. Nilipomcheka baba wa wanangu mbele yao, niliwacheka na wao, kwani nusu yao ni yeye.

Nilimwomba radhi mtoto, kisha nikamwomba baba yake, kwa simu, maneno machache. Ilikuwa vigumu kuliko kiapo chochote nilichokula mahakamani. Mizaha yangu nimeibakisha pale bengini, kwa wanawake wenzangu wanaoijua njia ile.

Hukumu ilitoka kabla ya Ramadhani. Matunzo yalipangwa, vyombo nikapewa. Baba watoto alivileta mwenyewe kwa mkokoteni. Cha mwisho alikibeba kwa mkono, akakiweka kizingitini na kusema, "Mbuzi wako huyu. Alilishwa vizuri."

Watoto walicheka, nasi tukacheka. Jioni ile nilikuna nazi.

Dada yangu mwenye tarehe wiki ijayo, Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi. Ukiweza kucheka, cheka. Ila ukishafika mlangoni kwako, tazama kwanza ni nani anayekusikiliza.