Bampa la bamdogo

Najua nimepotea sana hapa, msinihukumu. Likizo nilikuwa nyumbani Puge. Kwa wale wanaoniuliza kila semista "Puge ndo wapi?", ni wilaya ya Nzega, barabara ya Tabora kwenda Nzega, ukikaribia nusu ya safari. Sasa nimerudi Mlimani, bumu halijatoka, nimekaa kitandani naangalia kucha zangu ambazo mpaka leo zina rangi nyeupe pembeni. Ngoja niwahadithie hiyo rangi ilivyofika hapo.

Bamdogo ana Toyota Corolla nyeupe, na aliamua kuiuza. Kwenye hiyo hela alishaniahidi fungu la chumba na stationari za mwaka wa tatu, kwa hiyo hilo gari nililipenda kama mama mzazi. Mnunuzi alikuwa aje Jumapili kutoka Nzega. Jumatatu bamdogo akaenda Igunga msibani, akaniachia funguo: "Lioshe tu, usilipeleke popote." Nikasema sawa bamdogo.

Jumanne nikalipeleka kisimani kuchota maji ya kulioshea. Si ni karibu? Na leseni ninayo! Wakati wa kuondoka nikapiga rivasi huku namwangalia binti mmoja aliyekuwa na ndoo kichwani (acheni kucheka), nikasikia kraaaa. Bampa la nyuma, upande wa kulia, limekula ukingo wa zege. Halikupasuka, ila mikwaruzo yake ilikuwa mirefu kama kiganja, mingine imefika kwenye plastiki nyeusi. Jasho jembamba likanitoka.

Hapo ndipo akili ya kijinga ikaingia. Nikajisemea, bamdogo anarudi Ijumaa, hatajua. Jumatano asubuhi nikapanda gari mpaka Tabora mjini, nikanunua kopo la rangi nyeupe ya kupuliza, nikarudi, jioni nikapuliza pale pale juu ya mikwaruzo. Dakika kumi kazi imeisha. Kwa mbali ilipendeza, nikalala usingizi mnono.

Alhamisi asubuhi nikaenda kuangalia. Dah! Rangi ilikuwa na vitobo vidogo vidogo vya duara kama macho ya samaki, vumbi limenasa, na mikwaruzo yote inaonekana, tena sasa ni myeupe inayong'aa. Nilikuwa nimebandika selotepu ya karatasi pembeni ili nisichafue taa. Nikaivuta, ikaja na rangi yenyewe, imebanduka kama ganda la ndizi.

Nikamfuata fundi rangi mmoja pale karibu na stendi, anafanyia kazi chini ya mwarobaini. Akaja, akaangalia, akacheka mpaka akakaa chini. "Msomi, umepiga rangi juu ya mafuta." Bamdogo huwa anapaka bampa ile dawa ya kung'arishia matairi, kumbe ina silikoni, na rangi haikai juu ya silikoni, inakimbia ndo maana vile vitobo. Halafu akanigeuzia bampa tukaona kwa ndani limeandikwa PP. Hiyo ni polipropilini, ndugu moja na ndoo na viti vya plastiki. Jaribu kupaka ndoo rangi uone itadumu siku ngapi. Bati linashika rangi kirahisi, plastiki hii inateleza kama imepakwa nta.

Akasema kufanya mwenyewe hana hela yangu (kweli nilikuwa sina), ila atanielekeza nifanye kwa mikono yangu, nimlipe soda na nauli ya kumleta. Hapo ndo nikajua kumbe kupuliza ni dakika ishirini, kuandaa ni siku nzima.

Kwanza tukafungua bampa lote, boliti na klipu (klipu mbili nikavunja). Pili, sabuni. Siyo msasa kwanza, sabuni kwanza! Ukianza na msasa unayasukuma mafuta yaingie kwenye mikwaruzo. Nikaosha mara tatu. Kipimo chake ni maji: ukimwagia yakatandaa kama shuka, pasafi, yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo. Kisha kitambaa safi chenye tina kidogo sana, unafuta haraka unakausha, huloweki, maana tina inaweza kuilainisha plastiki.

Tatu, msasa. Kumbe namba ikiwa kubwa ndo msasa unavyokuwa laini. Nikaanza na 240 kwenye mikwaruzo mirefu na kutoa ule uchafu wangu wa jana, nikaja 400 na maji, nikamalizia 600. Lengo siyo kukwangua tu. Pale rangi ya zamani inapoishia na plastiki inapoanza kunakuwa na kangazi kadogo, hako ndo unakamaliza mpaka ukifumba macho ukapitisha kidole usijue mpaka uko wapi. Fundi alinifumbisha macho kweli, kila nikisema tayari anaweka kidole changu mahali: "Na hapa?" Nikarudia. Mikwaruzo miwili iliyozama tukaijaza fila ya plastiki, siyo ile ya bati, kwa sababu bampa linapinda na fila ya bati inapasuka.

Saa tisa mchana, bampa liko chini limegeuka kijivu na mabaka, mimi nimelowa mpaka magotini, nikasikia, "Hodi." Bamdogo. Amerudi siku moja kabla.

Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, macho yako kwenye gari lisilo na bampa. Wadau, nilikuwa na uongo tayari. Nilishapanga kusema nimekuta limekwaruzwa na ng'ombe wa mkokoteni. Fundi yupo pale anachora chini kwa kijiti, kimya. Nikashindwa. Nikamwambia yote, kisima, kopo la Tabora, hadi yule binti.

Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Akachuchumaa, akapitisha kidole pale nilipokuwa nasugua, akasema, "Hapa bado pana ngazi." Kisha akaongeza, "Babu zako Wanyamwezi walibeba meno ya tembo kutoka hapa Unyamwezi mpaka pwani. Mzigo ulifungwa kwanza ndo ukabebwa. Wewe umebeba kabla ya kufunga." Akaingia ndani.

Nikasugua mpaka giza. Kabla sijalala nikapuliza praima ya plastiki, nyembamba, pale palipo wazi tu, ikifuatiwa na praima ya kijivu mara tatu, kila mara nikisubiri kama robo saa. Fundi alihamisha kwanza jiko la mkaa la mama, maana mvuke wa tina unashika moto. Na zile barakoa za hospitali zinazuia vumbi tu, mvuke unapita, kwa hiyo unafanyia nje na upepo ukiwa mgongoni.

Ijumaa alfajiri nikapuliza ukungu wa rangi nyeusi juu ya praima, nikasugua na 800 na maji. Palipobaki weusi ndo penye shimo. Palibaki pawili, nikaparudia. Nikamwagia ua wote maji vumbi lilale, na kabla upepo haujaamka nikapuliza nyeupe, kopo umbali wa kama sentimita 20, naanzia nje ya bampa na kuishia nje. Safari hii tulisoma namba kwenye kibati cha kwenye injini, 040, siyo "nyeupe" tu ya kubahatisha. Mwisho klia. Liling'aa jamani!

Jumapili mnunuzi akaja. Akazunguka gari, akapita nyuma, hakuona kitu. Moyo ukatulia. Bamdogo akasema mwenyewe bila kuulizwa: "Bampa hili lilikwaruzwa wiki hii, kijana wangu amelipaka upya. Angalia vizuri." Nilitamani ardhi ipasuke. Yule mzee akainama, akapapasa, akasugua kwa kucha, akapunguza 150,000 kwenye bei. Wakapeana mikono.

Jioni bamdogo akanihesabia fungu langu. Lilikuwa pungufu kwa 150,000 kamili. Akaniambia, "Kazi ya bampa ni nzuri," akaniachia na lile kopo lililobaki.

Kwa hiyo mkiniona mwezi huu kila siku nakula wali maharage, mkadhani nimekuwa mlokole wa mfungo, sivyo. Kopo liko chini ya kitanda. Mwenye baiskeli iliyokwaruzika aje, ila aje na sabuni na msasa kwanza. Haya, nawahi lekcha ya saa nane.