MAKABURI YASIYO NA MAJINA



Ndugu zangu katika imani, juzi mpwa wangu alinipigia simu kutoka Kinole, kwetu milimani Uluguru. Anataka kupanua shamba la migomba. Pembeni ya shamba pana matuta ya mawe, makaburi ya wazee wa ukoo wa mama. Hakuna aliye hai anayewajua kwa majina. Akaniuliza: "Mjomba, hawa hawakuwa Waislamu. Nikiyasawazisha kuna dhambi?"

Sikumjibu hapo hapo. Nilikumbuka yangu.

Nilipokuwa kijana, nimetoka madrasa na elimu yangu ya moto, nilimkuta mjomba wangu anatambika kwenye makaburi hayo hayo. Nikamkemea mbele za watu. Tambiko nilikuwa na haki ya kulikataza, maana kumwomba maiti ni shirki, na leo nalikataza vile vile. Lakini sikuishia hapo. Nilichukua mawe ya kaburi moja nikayatupa korongoni. Mjomba hakunijibu kitu. Alishuka peke yake, akayapandisha moja moja. Akafariki kabla sijamwomba radhi.

Ndugu zangu, nilichanganya mambo mawili: kuabudu makaburi na kuheshimu maiti. La kwanza ni haramu. La pili limo katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoambiwa ni la Myahudi, akawakumbusha maswahaba kwamba naye ni nafsi. Alilizuru kaburi la mama yake, akalia. Akatuhimiza kuzuru makaburi kwa kuwa yanakumbusha mauti.

Na makaburi ya kale yanakumbusha kweli kweli. Kule Kenya, karibu na Ziwa Turkana, pana mahali panaitwa Lothagam. Wafugaji wa zama hizo walizika watu wao hapo yapata miaka 5,000 iliyopita, wakafunika kwa mawe na kusimamisha nguzo za mawe. Watafiti walitoa taarifa mwaka 2018: wanakadiria waliozikwa pale si chini ya 580, wanaume kwa wanawake, wazee na watoto wachanga. Karibu kila mmoja ana mapambo yake, na hawakuona dalili ya wakubwa kutengwa na wadogo. Hapa kwetu, ndani ya kreta ya Ngorongoro, yapo matuta ya mawe ya wafugaji wa kale. Uingereza nako vipo vilima vya makaburi katikati ya mashamba, na vingi vimeshasawazishwa kwa plau.

Nani leo anamjua mmoja wao kwa jina? Allah (s.w.) anawajua wote, na wote atawafufua. Wewe unayegombania mpaka wa shamba leo, baada ya vizazi vichache utakuwa tuta lisilo na jina, na kijana mmoja atauliza kama anaweza kukusawazisha.

Najua mwanafunzi wa dini atasema: msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina ulijengwa palipokuwa na makaburi ya washirikina, yakafukuliwa. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi ni haramu katika kila hali. Lakini pale palikuwa na haja ya waumini wote. Hapa ni mashina machache ya migomba, na ardhi nyingine ipo.

Basi nimemwambia mpwa wangu: waachie nafasi yao, panda kando. Palilia, mifugo isikanyage. Usichinje pale, usimwage pombe, usiwaombe chochote. Simama, kumbuka kifo chako, urudi shambani.

Mimi nitapanda Kinole wiki ijayo, inshaallah, tupalilie pamoja. Nawe, kama yupo mzee uliyemwambia haki kwa ulimi mbaya, na bado yu hai, mwendee leo. Mimi nimechelewa.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.