Pima 40

Lunga Lunga, Alhamisi 1 Februari 2024

Duka nimelifunga saa kumi. Nimekaa barazani na mshipi mpya, naupima kwa mikono: pima moja, pima mbili, hadi 40. Kila pima ya tano nafunga uzi mwekundu na kuudondoshea gundi usiteleze. Mama watoto kauliza ni wa nini. Nimemwambia nakwenda Mbita kwa shemeji, kurambaza ziwani. "Bahari ii hapo Vanga, wewe wafuata maji baridi huko juu?" Sikuwa na jibu la maana. Miaka 20 nawauzia mishipi na ndoana watu wa Vanga na Jimbo, na nguru nimewarambazia mpaka kiganja kikafanya sugu. Ziwa sijapata kuliona. Mto Umba siuhesabu. Kambare kwa fimbo ya mwanzi ni kupoteza jioni tu.

Nimetia mfukoni vipande vitano vya waya. Nguru ana meno ya msumeno, nailoni tupu haimzuii.

Mbita, Jumapili 4 Februari

Nimevuka kwa feri kutoka Luanda K'Otieno, mgongo umekufa ganzi kwa basi la usiku. Nilipofika ufukweni nilichota maji kwa kiganja nikayaonja. Sijui nilitarajia nini.

Jioni nimemwuliza shemeji maji yajaa saa ngapi. Kanitazama kama niliyeuliza ziwa lina umri gani. Hakuna bamvua wala maji mafu huku. Saa yao ni upepo: usiku hadi asubuhi watoka bara kuelekea ziwani, mchana hugeuka ukarudi nchi kavu. Basi huondoka alfajiri, na upepo ukigeuka wawe wanarudi.

Jumatatu 5 Februari

Leo patupu.

Shemeji kaona waya wangu akacheka hadi akaweka kikombe chini. Mbuta (ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara) hana meno ya kukata. Kinywa chake ni msasa. Kinachokata ni shavu, mfuniko wa yavuyavu wenye ncha. Nailoni nene yatosha. Waya umerudi mfukoni.

Chambo ni samaki wa bandia, wa aina ya Rapala, kazi aliyoianza Mfini mmoja 1936 kwa kuchonga chambo kiyumbe kama samaki mgonjwa. Mbele kina ulimi wa plastiki kama kijiko, na ule ulimi ndio unaokizamisha. Nikamwambia kijana wa injini aongeze moto, twende kama tunamfuata nguru. Chambo kikalala ubavu, kikapanda juu, kikawa kinarukaruka nyuma yetu kama mbuzi aliyefungwa kwenye baiskeli. Shemeji hakusema kitu saa nzima. Ni mtu wa adabu mno. Angenikanya mapema ningemshukuru.

Jumanne 6 Februari

Mwendo ni wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Kwa mwendo huo mshipi huongea. Nauweka juu ya kidole cha shahada, nausikia ukitetema, tet-tet-tet, mfululizo. Mtetemo ukifa ghafla bila kuvutwa, ujue umenasa jani. Magugu maji yamezagaa kila mahali huku, na bila kidole ungeburuta kitita cha majani hadi adhuhuri ukijiona wavua.

Baharini sikupata kujiuliza chambo changu kiko kina gani. Nguru yuko juu, chambo juu, basi. Hapa ndilo swali lenyewe. Ukitoa pima nyingi chambo huzama zaidi, lakini kwa kipimo. Mbele ya hapo mshipi wenyewe waburutwa na maji, na hakishuki tena. Shemeji ameniambia nitoe pima 15, kisha 20, tukipita juu ya mwamba ule ule, hadi kigonge. Kikigonga, rudisha pima mbili: sasa unajua uliko. Zile nyuzi zangu nyekundu alizitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikavimba kidogo.

Nikavimba mapema. Penye rasi ya Rusinga chambo kiligonga na hakikuachia. Tulizunguka, tukavuta upande wa pili, wapi. Mshipi ukakatika.

Wakati wa chai nimeuliza kwa nini hatuendi katikati, maji marefu. Ziwa hili lafika mita 80 na zaidi. Kasema miezi hii ya joto maji ya chini yamelala: ya juu yana moto, ya chini mazito yamekosa hewa, na mbuta ni samaki wa pumzi nyingi, hashuki huko. Juni na Julai upepo wa kusini hulikoroga ziwa likawa moja. Kumbe kusi hii hii inayotufungia mashua Vanga huku wanaingoja.

Jumatano 7 Februari

Minandi walikuwa wamekaa juu ya jiwe, mbawa wazi, wamekwisha kula. Shemeji akapunguza mwendo. Pima 18.

Wa kwanza hakupiga, aliegemea tu, mtetemo ukawa uzito. Tukampima: sentimita 46. Chini ya 50 ni marufuku. Juu ya 85 pia, maana hao ndio mama wazaao. Akarudishwa.

Wa pili alipiga kiasi cha mshipi kunichoma kidole. Akapanda, akatoka nje ya maji kinywa wazi akitikisa kichwa kulia na kushoto, nikasikia chambo kikigongagonga kwenye taya. Nguru hukimbia hadi achoke. Huyu hukukataa usoni. Nilimvuta pima kwa pima, uzi mwekundu, uzi mwekundu, hadi kijana akamtia kulabu. Sentimita 63, fedha tupu, jicho la rangi ya asali.

Na si mwenyeji. Alitiwa ziwani miaka ya 1950, na ya 1980 akawa ndiye mwenye nyumba. Shemeji anakumbuka babake akila fulu, visamaki vya kila rangi. Aina nyingi mbuta amezimaliza. "Lakini ndiye aliyenisomesha," akasema, akiendelea kumpara.

Dada kampika kwa nyanya na kitunguu. Nimekula mara mbili. Nazi ilikosekana, ila sikulitamka.

Lunga Lunga, Jumatatu 12 Februari

Kaja mteja wa Vanga kununua ndoana namba 6, akauona mshipi msumarini. Nyuzi nyekundu za nini? Nikamweleza. Kasema baharini mkondo utamchanganya mtu, pima 20 za leo si 20 za kesho. Kweli. Hata hivyo akaushika, akauliza bei.

Nikautandaza barazani kuuhesabu upya mbele yake, asije akasema nimempunja. Pima 37. Tatu ziko Rusinga, mwambani, na chambo.