Mlangoni mwa Nyumba Moja ya Ikolo

Mtu aijuaye nchi ya Kyela wakati wa masika hatashangaa tukianza habari hizi kwa kutaja matope. Pepo zitokazo ziwani Nyasa huchukua unyevu. Zikifika kaskazini hukutana na milima ya Livingstone na mlima Rungwe, ambao kilele chake chakaribia meta 3,000. Hapo hupanda, hupoa, na kumwaga mvua. Uwanda wa Kyela, ulio chini ya milima hiyo, hupata maji ya mvua na maji ya mito pia: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Ndiyo maana mpunga, migomba, kakao na michikichi hustawi huko. Lakini neema hiyo ina ushuru wake, nao huingia nyumbani kwa miguu.

Tulifika Ikolo asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, matope yakiwa yametupata hadi magotini. Wenyeji wetu walitulaki kwa “Mugonile,” kisha mtoto akatuletea maji kabla hatujakanyaga kizingiti. Nyumba yao ni ya vyumba viwili, na wakaao humo ni watu saba. Hata hivyo, sakafu yake ilikuwa kavu. Tukauliza sababu.

Mama mwenye nyumba akatueleza kwamba masika ya mwaka uliotangulia mambo hayakuwa hivyo. Bibi wa nyumba hiyo aliteleza katika matope ndani ya mlango, akavunjika mkono. Juma lile lile madaftari ya mtoto wa shule yaliharibika, kwa kuwa jembe lililolowa liliwekwa juu yake. Mama akawalaumu watoto, watoto wakamlaumu baba, na baba akasema kwamba mvua haikuletwa naye. “Mwisho tukatambua kosa letu,” akasema. “Kila siku tuliwaambia watoto, ‘Msilete matope ndani,’ wala hatukuwaonyesha mahali pa kuyaacha.”

Basi wakatenga sehemu ya kibaraza, upana wake futi 4 na urefu wake futi 6. Twaeleza hapa mpango wake, maana wengi wetu nyumba zetu ni ndogo vivyo hivyo.

Mbele ya kibaraza wamechimbia bapa la jembe la zamani kati ya vigingi viwili, makali yaliyolika yakielekea juu. Hapo hukwanguliwa matope mazito. Kisha huja kitanda cha kokoto za mtoni, na kando yake kibuyu chirizi na sabuni. Bibi naye ana chungu chake cha maji, kazi ya wanawake Wakisi, ambao vyungu vyao huuzwa katika soko la Lyulilo karibu na Matema. Maji machafu hufuata mfereji mdogo mpaka kwenye shina la mgomba, yasituame na kuzaa mbu.

Juu ya kibaraza pana benchi fupi la kuketia, na chini yake uchaga wa mianzi wa kuwekea viatu na ndara. Ukutani pana vigingi. Majembe hutundikwa upande wa nje. Mapanga na mundu huwekwa juu, mkono wa mtoto usipofika. Mikoba ya shule hukaa upande wa ndani, mbali na mvua. Kila mtu ana kigingi chake, naye asiyejua kusoma amechorewa alama. Gharama ilikuwa misumari na ubao mmoja tu.

Baba alihofu kwamba wageni wataona wamedharauliwa wakiambiwa wavue viatu. Lakini wageni hawaambiwi neno. Hupelekewa maji, nao huelewa. Ibrahimu naye aliwafanyia hivyo wageni wake mlangoni pa hema.

Yafaa tuseme jambo moja kwa walimu. Kunawa miguu hakutoshi kuzuia minyoo ya safura, kwa maana minyoo hiyo ikiwa michanga hupenya ngozi ya miguu mitupu shambani na uani. Dawa yake ya kwanza ni choo kitumiwacho na watu wote, na viatu miguuni. Lakini nyumba yenye mahali pa viatu hurahisisha desturi ya kuvivaa: mtoto avionaye mlangoni hukumbuka kuvivaa atokapo.

Wala usafi si jambo geni katika nchi hii. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, alizisifu nyumba za wenyeji na jinsi vijiji vyao vilivyotunzwa. Wazee walijenga kwa mianzi na udongo, wakafagia nyua zao. Ya wenyeji wetu ni kazi ile ile, iliyotengenezwa upya kwa nyumba yenye madaftari na viatu.

Tulipoaga, mvua ilikuwa imeanza tena. Bibi akainuka kitandani, akapita chumbani peke yake mpaka mlangoni ili atusindikize kwa macho. Katika kigingi cha chini kabisa, kilicho chake, akatwaa fimbo yake. Sakafu ilikuwa kavu, naye hakushika ukuta.