Kugawana au Kuazima: Istilahi ya Masafa Katika Nchi ya Mara

Neno masafa lina kazi mbili katika Kiswahili. Msafiri atokaye Musoma kwenda Bunda huyahesabu masafa kwa kilomita; fundi wa redio huyahesabu kwa megahezi. Maana hii ya pili imekwisha kukubalika. Lililo gumu ni kitenzi kinachoandamana nayo. Aghalabu husemwa kugawana masafa, na kwa utaratibu wa leseni kauli hiyo ni sahihi: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa mwaka 2003, hukipa kila kituo fungu lake, nacho hutakiwa kukaa humo.

Redio tambuzi, ambayo Joseph Mitola na Gerald Maguire waliieleza katika makala yao ya mwaka 1999, haigawani na mtu. Husikiliza kwanza, ikikuta fungu halitumiki, hulitumia, na mwenyewe akirejea huondoka. Huko ni kuazima, tena kuazima bila kuomba.

Siku hizi mashine hufunzwa hata kubashiri. Hupewa kumbukumbu za saa ambazo fungu lilikuwa na mawimbi na saa ambazo halikuwa nayo, ikajifunza mwenendo wake. Hapo ndipo ardhi ya Mara inapoitahini elimu hiyo. Na kichukuliwe chombo kilichofunzwa katika uwanda wa Dar es Salaam, kikaletwa Butiama penye vilima. Kilima kikikingama kati yake na mnara wa televisheni, chombo husikia kimya, nacho kimefunzwa kwamba kimya ni utupu. Kikianza kurusha mawimbi katika chaneli ile, yenye upana wa megahezi 8, atakayeharibiwa picha ni mtazamaji aliye mahali pa juu, anayeupata mnara bila kizuizi. Naye hana namna ya kujitetea hewani, kwa kuwa televisheni yake hupokea tu. Haitangazi kuwa ipo. Wataalamu huliita tatizo la kituo kilichofichika, jina lenye walakini kidogo, maana aliyefichika zaidi ni mpokeaji.

Kugawana huwadhania wote kuwapo na kupatana. Kuazima, angalau, humkumbusha mwazimaji kwamba mali ina mwenyewe. Kwa sababu hiyo mwenyeji na mgeni zingefaa kuliko mtumiaji wa kwanza na wa pili, ijapokuwa mgeni wa kawaida hubisha hodi, na chombo hiki hakijui mlango wa mtazamaji wa Butiama uko wapi.