MREMBO WA VIDEO ZA BONGO AAHIRISHA SALUNI KISA MBAYUWAYU!

Jina lake kapuni, ila kama ulikuwa unafuatilia video za Bongo Fleva miaka ile, huyu dada umeshamuona zaidi ya mara moja. Siku hizi yuko Uingereza, kijijini kabisa. Kaolewa na mzungu na wanaishi kwa mama mkwe. Ukipita Insta yake unaona maua, chai na makoti makali, unasema huyu maisha kayapatia.

Kumbe hela ilikuwa inamtesa kimya kimya. Bongo kuna mama yake anayekunywa dawa za presha, na mdogo wake wa kiume yuko chuo. Wote wanamwangalia yeye.

Sasa nyuma ya ile nyumba kuna bustani, na mwisho wa bustani kuna banda la mbao la kuwekea majembe na mashine ya kukatia majani. Dada akalipigia hesabu. Ukilisafisha, ukaweka kioo, viti viwili na hita, hiyo tayari saluni. Wadada wa Kiafrika wa maeneo yale wanasafiri saa nzima kwenda kusuka rasta. Akatangaza, na wateja 6 wakatanguliza hela kabisa. Ufunguzi ukapangwa mwezi wa 5.

Shida ikawa mama mkwe. Huyu ni mjane, umri umepita miaka 70, na yeye na mkwewe walikuwa watu wa salamu tu. Kila mwaka ukiingia mwezi wa 4, bibi huyu anafungua kipande cha juu cha mlango wa banda na hakifungi tena mpaka mwezi wa 9. Anawafungulia mbayuwayu. Siku wa kwanza akifika, anaandika kwenye kalenda ya jikoni. Kalenda za miaka 19 anazo kwenye droo, na zile za mwanzo zina mwandiko wa marehemu mumewe.

Alipoambiwa habari ya saluni hakugomba. Aliuliza tu, "Na wao je?"

Dada alikasirika mpaka akalia. Yaani ndege wana banda, mtu mzima hana pa kufanyia kazi!

Mume naye akaja na njia yake. Kule kuna sheria ya mwaka 1981 inayokataza kuharibu kiota cha ndege wa porini kikiwa kinajengwa au kinatumika. Wakishaingia, saluni hakuna mpaka wamalize kulea. Ila wakikuta mlango umefungwa kabla hawajaanza kujenga, hakuna kosa. Kwa hiyo, akasema, tufunge mapema.

Dada akaenda kuwauliza wafuasi wake. Jibu lililopata moyo nyingi ni hili: "Funga mlango, ndege hawalipi ada." Wengine wakamwambia anaendeshwa na bibi wa kizungu. Lakini Bongo kuna ule msemo, akili za mbayuwayu changanya na zako, na safari hii mbayuwayu wenyewe walikuwa njiani.

Akaamua kwenda kuongea na mama mkwe ana kwa ana, jikoni. Bibi akamfungulia zile kalenda, akaanza kumwelezea. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi, kama vijiko vitano vidogo vya sukari. Wale wa Uingereza wengi wanakwenda Afrika Kusini baridi ikianza, halafu wanarudi, kama kilomita 10,000 kila safari, na jangwa la Sahara wanalivuka. Mara nyingi wanarudi kwenye banda lile lile walilozalia. Zamani hata wasomi wa Ulaya walikuwa na wazo kwamba ndege hawa wanalala kwenye matope ya mabwawa mpaka baridi iishe. Mwaka 1911 wakili mmoja wa Staffordshire akamvalisha mbayuwayu pete mguuni. Desemba 1912 ndege yule akapatikana Natal, Afrika Kusini.

Dada akasema, "Mbayuwayu nawajua. Kwetu mwezi wa 12 wanajaa kwenye waya za umeme."

Bibi akakaa vizuri. "Kwenu wanajenga?"

"Hawa wa kupita hawajengi. Wanakula, wanazunguka, halafu wanapotea."

Bibi akacheka. Miaka yote 19 alikuwa anaandika siku ya kufika, na hakuwahi kukaa na mtu anayeijua ile nusu nyingine ya mwaka wao. Waliongea mpaka chai ikapoa. Ndo yalikuwa mazungumzo yao marefu ya kwanza tangu ndoa.

Mwisho dada akatoa lake. Banda libaki wazi, lakini yeye asukie kwenye chumba cha kulia mpaka mwezi wa 9. Huyu ni bibi aliyekuwa analalamikia unywele mmoja kwenye zulia. Akakubali. Akakunja zulia mwenyewe.

Msidhani ilikuwa rahisi. Wateja wawili walitaka saluni ya kweli, wakarudishiwa hela zao. Ada ya mdogo wake ikachelewa, na dogo alinuna wiki nzima hapokei simu. Kumwelezea mtu wa chuo kwamba ada imechelewa sababu ya ndege, jaribu uone.

Mbayuwayu dume alitangulia peke yake, jike likafuata baadaye. Wakakarabati kiota cha zamani kwa matope na majani makavu, mayai yakawa matano. Dada akapigilia kibao chini yake ili kinyesi kisidondokee majembe. Wateja wakimaliza kusukwa walikuwa wanatoka na chai kwenda kuangalia wazazi wakiingia na wadudu mdomoni.

Wageni walipoondoka, kioo na hita vikaingia bandani. Saluni ikapiga kazi majira yote ya baridi, na dogo akalipiwa ada kwa wakati. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwaka huu mwezi wa 3 ulipoisha, dada alihamisha kioo mwenyewe bila kuambiwa. Bibi magoti yanamsumbua, bustanini hafiki tena. Kwa hiyo ni dada aliyefungua mlango, na ni dada aliyemwona wa kwanza akipita juu ya banda na ule mkia wake wenye panda. Kwenye kalenda ya jikoni, chini ya mwandiko wa babu na wa bibi wa miaka yote, sasa kuna neno la Kiswahili: "Kafika."

Haya, ungekuwa wewe na ada ya mdogo wako inadaiwa, ungefunga mlango au ungeacha wazi? Tupia maoni yako hapo chini, matusi hapana.