Mafundi wa Chang'ombe na Tone la Mafuta

Neno usukani lilitoka baharini. Waarabu huuita sukkan ule ubao wa nyuma ya chombo unaokigeuza kwenda huku au kule, na wazee wa pwani walilipokea neno hilo wakalitia katika lugha yetu, likakaa midomoni mwa mabaharia muda mrefu sana kabla gari la kwanza halijaonekana katika nchi hii. Leo latumika Dodoma, katika uwanda mkavu wa kati, na mfugaji wa Kigogo aliyejifunza kuendesha pikapu hulitamka bila kufikiri kwamba anazungumza kibaharia. Mafundi wa magari, hata hivyo, hawalitumii sana. Wao husema stelingi, na ile nguvu ya mafuta inayoufanya usukani uwe mwepesi mkononi huiita pawa. Sioni sababu ya kuwacheka. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, nalo lina kazi yake. Lakini gereji nazo huunda istilahi kila siku, bila kikao na bila mwenyekiti.

Chang'ombe ninayoisema ni kata ya mjini Dodoma, wala si ile ya Temeke, Dar es Salaam. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, Serikali ikahamia kwa kishindo kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Magari mapya yamekuja pamoja na hayo yote. Lakini yanayobeba magunia, mbuzi, mabati na zabibu aghalabu ni makuukuu, yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kufika kwetu, na hayo ndiyo riziki ya gereji bubu. Watu huziita bubu kwa kuwa nyingi hazina hata kibao cha jina. Keti humo nusu saa chini ya mwarobaini, utakuta hakuna mahali penye maneno mengi kuliko hapo.

Pawa yenyewe si jambo la kale. Mhandisi Mmarekani Francis Davis aliionyesha katika gari mwaka 1926, na magari ya abiria yenye pawa yalianza kuuzwa mwaka 1951, kampuni ya Chrysler ikiwa ya kwanza. Mkanda unaozungushwa na injini huendesha pampu. Pampu husukuma oili kwa nguvu kupitia mpira mnene hadi kwenye boksi la stelingi, nayo ikishausaidia mkono wa dereva hurudi polepole kupitia mpira mwingine mwembamba hadi kikopo chake. Ni mzunguko mdogo tu. Lakini katika ule mpira mnene msukumo waweza kupita ule wa upepo wa tairi zaidi ya mara ishirini, na mpira uliokaa miaka thelathini karibu na injini ya moto, katika joto na ukavu wa Dodoma, hukakamaa kama ngozi isiyopakwa mafuta. Hapo ndipo tone la kwanza linapoanzia.

Shangazi yangu ana pikapu ya namna hiyo, ambayo kila msimu wa zabibu huenda Hombolo alfajiri na kurudi kabla jua halijakuwa kali, maana zabibu hazina subira. Mwaka mmoja mavuno yakiwa yamekaribia, gari likaanza kuacha madoa mekundu chini, na usukani ukawa unanguruma kila ukikatwa kona. Karakana moja kubwa ililitazama kwa dakika chache ikatoa hukumu: boksi la stelingi limekufa, anunue jingine. Bei waliyoitaja ilikuwa sawa na faida yote aliyoitarajia msimu ule, na ada ya shule ya watoto wawili ilikuwa ndani ya faida hiyo. Hukumu haikuwa bila ushahidi, kwa kuwa boksi lilikuwa limelowa kweli.

Tulilipeleka Chang'ombe. Fundi, mtu wa makamo, alitusalimu kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” kisha akamwuliza shangazi, “Mama, gari hili limeoshwa lini hapa chini?” Shangazi akasema hakumbuki. “Basi tusiseme lolote kwanza,” akajibu, akamwita mwanagenzi wake alete mafuta ya taa, brashi na sabuni.

Watu wengi hawana subira ya hatua hii. Mafuta hayavuji yakabaki palipotoboka: huteleza juu ya mpira, hufuata bomba, huzunguka bolti, yakadondoka mahali pa chini kabisa, ambapo aghalabu hapana kosa lolote. Anayetazama tone hutazama mwisho wa safari. Kwa hiyo fundi alisafisha kila kitu kuanzia kikopo hadi boksi, akakausha kwa tambara, akafungua mfuniko kuona kama oili haikujazwa kupita alama, maana oili iliyozidi hufurika mfunikoni ikasingiziwa ugonjwa. Alichovya kipande cha karatasi nyeupe. Ilikuwa nyekundu iliyoanza kuwa kahawia, tena yenye mapovu. Yaani upepo umeingia, na mngurumo watoka hapo. Angeona nyeusi tupu angeshuku oili ya injini, na kama ingekuwa majimaji ya kijani angekwenda kwenye rejeta.

Kisha aliomba vumbi. Nilidhani anatania, lakini mwanagenzi alichota vumbi laini la barabarani akalichekecha kwa kitambaa, akalipuliza kidogo kidogo juu ya mipira na maungio. Kwingineko hutumia unga au poda ya watoto. Dodoma vumbi ni la bure. Injini ikawashwa, mmoja akakata usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, bila kuushikilia mwishoni zaidi ya sekunde chache, kwa kuwa kuushikilia huitesa pampu. Baada ya muda mfupi mstari mwembamba wa tope jekundu ukajichora. Haukuanzia kwenye boksi. Ulianzia juu, mahali mpira mnene unapoungana na pampu kwa bolti lenye tundu, ukateremka kwa siri nyuma ya mpira hadi ukalilowesha boksi lisilo na hatia.

Dawa yake ilikuwa washa mbili za shaba, zile zinazokaa juu na chini ya ungio. Za zamani zilikuwa zimebanwa hadi zimechoka. Bei ya mpya haikufika ile ya sahani ya wali na maharage.

Huenda msomaji akauliza haya yanahusianaje na utamaduni wa taifa. Tangu Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962 tumeandika mengi juu ya ngoma, zeze na hadithi, na tulifanya vema. Lakini watu wa bara hili walijua pia kushona kibuyu kilichopasuka, na aliyekishona alianza kwa kukijaza maji ili aone ufa unapoishia. Mwanagenzi wa Chang'ombe anajifunza kuona kwa namna hiyo hiyo, naye hafundishwi kwa kitabu. Fundi wake akiondoka bila mtu kuyaandika haya, kitakachobaki ni ile hukumu ya dakika chache.

Si kila kinachofanywa gerejini nakisifu. Nimeona mpira wa msukumo ukifungwa kwa ukanda wa tyubu. Mpira mwembamba wa kurudishia, ukiwa mrefu wa kutosha, waweza kukatwa ncha iliyokakamaa na kufungwa tena kwa klipu mpya. Ule mnene hauna msamaha, hubadilishwa. Sabuni ya kipande huziba tangi la petroli hadi ufike nyumbani, lakini hapa hupasuka mara moja, na oili ikimwagikia bomba la moshi lenye moto yaweza kuwaka. Na anayejazia oili ya breki kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani huharibu sili zote, likawa kubwa lililokuwa dogo. Zile chupa za dawa ya kuziba huvimbisha sili kwa muda tu, nami naziona ni ganzi.

Washa zilipokwisha kufungwa, fundi alinyanyua tairi za mbele kwa jeki, akamwagia oili mpya mpaka kwenye alama, akaukata usukani huku na huku mara nyingi injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwaka, mpaka mapovu yakaisha na mngurumo ukanyamaza. Alitandika boksi la karatasi chini ya gari likalala juu yake usiku kucha. Alfajiri, shangazi akiwa na haraka ya kwenda Hombolo, alilivuta kwa mguu akalitazama. Hapakuwa na doa jekundu. Palikuwa na tone moja la maji upande wa rejeta, naye akasema hilo lina siku yake.